Quanzhou: Ukienda Kula, Soma na Mawe

Mkenya akisema anaenda Uchina, mara nyingi anaenda Guangzhou kununua mzigo. Akibakisha chapaa kidogo anapanda hadi Beijing, anapiga selfi kwenye Ukuta Mkuu, anarudi nyumbani na mifuko mitatu na stori ya baridi. Sina neno na hiyo safari. Lakini kama unataka kujua Uchina ilianza lini kutujua sisi, na ilitujua vipi, mji wa kwenda ni mwingine kabisa. Unaitwa Quanzhou, uko mkoa wa Fujian, pwani inayotazamana na Taiwan, na watu wetu wengi hupita karibu yake bila hata kugeuza shingo.

Naandika haya kwa sababu nimechoka na stori moja. Kila kukiwa na sherehe ya Kenya na Uchina, lazima mtu asimame na kusimulia jemadari Zheng He, meli zake kubwa, na twiga aliyetoka Malindi na kufika kwa mfalme wa Uchina mwaka 1415. Tunapiga makofi, tunakula sambusa, tunaenda nyumbani. Stori ni ya kweli, twiga alifika. Mwaka 2013 watafiti walichimba kisiwani Manda wakapata sarafu ya Kichina ya enzi hiyo hiyo. Lakini wakati Zheng He anasafiri, Quanzhou ilikuwa imeshakuwa bandari ya ulimwengu kwa zaidi ya miaka mia tatu, na siku zake nzuri zilikuwa zimeshapita. Tukianzia kwa twiga tunakuwa tumeingia sinema ikikaribia kuisha.

Waarabu waliuita mji huu Zaitun. Ibn Battuta, yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, anasema alishuka hapa miaka ya 1340, akaona bandarini meli kubwa kama mia moja na ndogo zisizohesabika. Halafu, kama mwanakontenti mzuri, akaongeza kwamba licha ya jina hilo mji wenyewe hauna zaituni hata moja. Wapo wanahistoria wanaobisha kama kweli alifika Uchina. Mimi napenda tu kwamba kitabu kimoja kinataja Mombasa, ambako anasema watu walikula ndizi na samaki, na kinataja pia Zaitun. Huyo jamaa alikuwa anazunguka.

Mambo ya usafiri tuyamalize haraka. Kutoka Nairobi kuna ndege za moja kwa moja hadi Guangzhou, na kutoka hapo unachukua treni ya kasi ya saa kadhaa kufuata pwani. Ukishukia Xiamen ni rahisi zaidi, treni ni kama nusu saa. Visa unahitaji. Epuka wiki ya kwanza ya Oktoba, kwa sababu Wachina wote wako likizo na wote wako barabarani, na epuka Agosti na Septemba ukiogopa tufani. Weka programu ya malipo kwenye simu na uiunganishe na kadi yako kabla hujaondoka nyumbani, maana hata mama anayeuza karanga analipwa kwa simu. Sisi watoto wa M-Pesa hili halitushtui.

Sasa, asubuhi. Anza na Xi Jie, yaani Mtaa wa Magharibi, na uanze na njaa. Kifungua kinywa cha huko ni tambi nyembamba kama uzi zilizopikwa hadi zikalainika na kuwa kama uji mzito, wanaita mianxianhu. Unachagua vya kuongeza: chaza, mayai, ngisi, matumbo. Juu yake unachovya kipande cha unga mrefu uliokaangwa, kitu kama ndugu wa mandazi aliyekonda. Nimekula uji maisha yangu yote, wa wimbi, wa mtama, wa ndimu, na nasema bila aibu kwamba uji huu wa tambi uko kwenye ligi yake. Ila tahadhari kwa ndugu zangu Waislamu: matumbo hayo ni ya nguruwe, na sufuria ni moja. Tafuta mikahawa yenye bango la kijani lililoandikwa 清真. Maana yake ni halali, na mingi ni ya Waislamu kutoka kaskazini-magharibi wanaouza tambi za kuvutwa kwa mkono na nyama ya ng'ombe. Hifadhi hizo herufi mbili kwenye simu, zitakuokoa nchi nzima.

Ukishashiba, hekalu la Kaiyuan liko mtaa huo huo. Ni la Kibudha, lilianzishwa mwaka 686, na lina minara miwili ya mawe ya karne ya 13, mmoja una urefu wa mita 48. Kila mtu anapiga picha minara. Piga, kisha zunguka nyuma ya ukumbi mkuu, pale ambapo watu hawapangi foleni. Kuna nguzo mbili za mawe ambazo hazifanani na nyingine, na juu yake zimechongwa picha za Krishna na Vishnu. Ndiyo, miungu ya Kihindu, ndani ya hekalu la Kibudha, Uchina. Wafanyabiashara Watamil walikuwa na hekalu lao hapa karne ya 13. Lilipobomoka, mawe yake yakabebwa na kutumika kujenga mengine. Kumbuka hilo neno, kubebwa na kutumika, kwa sababu Quanzhou yote imejengwa hivyo.

Katika uwanja wa hekalu hilo pia wamehifadhi mabaki ya meli iliyochimbuliwa kwenye matope ya bandari mwaka 1974. Ilizama miaka ya 1270 hivi ikirudi kutoka kusini. Vyumba vyake vya chini vilikuwa 13, vimetenganishwa kwa mbao, ili kimoja kikipasuka maji yasiingie vyote. Ndani walikuta mbao za manukato, ubani, pilipili manga, ambari na kauri. Mtu wa Lamu akisoma hiyo orodha hahitaji kutafsiriwa.

Kutoka hapo tembea hadi mtaa wa Tumen kwenye msikiti wa Qingjing, ambao Waarabu waliuita Ashab. Ulijengwa mwaka 400 wa Hijria, ambao ni 1009 au 1010, kwa mawe ya matale, na lango lake refu la matao yaliyochongoka halifanani na chochote kinachouzunguka. Paa la ukumbi wa sala lilianguka zamani, kwa hiyo unasimama kwenye kuta tupu, juu ni mbingu. Maandishi ya Kiarabu langoni yanasema ulikarabatiwa mwaka 1310 na mtu mmoja Ahmad, aliyetoka Shiraz. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Shiraz! Hakuna mji wa zamani wa pwani yetu usio na hadithi ya Washirazi waliokuja kuujenga. Kilwa wanasema, Wakomoro wanasema, na wanaakiolojia wetu wanatuambia miji hiyo ilijengwa na Waswahili wenyewe, jina la Shirazi likiwa zaidi ni la heshima. Hapa upande wa pili wa bahari kuna Mshirazi mmoja mwenye tarehe na risiti iliyochongwa kwenye jiwe.

Ukuta kwa ukuta na msikiti kuna hekalu la Guan Yu na Yue Fei, mashujaa wa vita, limejaa moshi wa udi na watu wanaoomba mitihani na biashara. Moshi unaruka ukuta. Hakuna anayelalamika.

Sasa tuje kwenye kitabu, ambacho ndicho kilinifanya niandike.

Mwaka 1087 serikali ya ukoo wa Song ilifungua hapa ofisi ya forodha ya bahari. Magofu yake yamechimbuliwa, unaweza kuyaona. Ni moja kati ya sehemu 22 za mji huu ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2021 kuwa urithi wa dunia. Mwaka 1225 mkuu wa ofisi hiyo, Zhao Rugua, aliandika kitabu kiitwacho Zhu Fan Zhi, habari za nchi za kigeni. Huyu bwana hakusafiri kwenda nchi hizo. Alikaa kwenye dawati lake, akawahoji manahodha na wafanyabiashara, akaunganisha na vitabu vya zamani. Ni kama ofisa wa bandari ya Mombasa leo aandike kitabu cha dunia kwa kuwahoji mabaharia.

Na ndani yake tumo. Kuna nchi anaiita Cengba, jina ambalo wataalamu wanalihusisha na Zanzibar na pwani ya Zanji. Anasema watu wake ni wa dini ya Waarabu, wanavaa nguo za pamba za buluu na viatu vya ngozi nyekundu. Wanakula nini? Wali, mikate ya kuoka na nyama ya kondoo. Hiyo ni menyu ya sikukuu, ndugu yangu! Karne nane zilizopita, karani wa forodha Uchina alijua chakula chetu. Anasema wanauza pembe za ndovu, dhahabu na ambari, na wanaletewa vitambaa, shaba nyekundu na vyombo vya kauri. Hivyo vyombo tunavyo. Nenda Gede, nenda jumba la makumbusho la Fort Jesus, nenda Mambrui uone kaburi la mnara ambalo bakuli za Kichina zimepachikwa kwenye ukuta wake. Vya Mambrui ni vya baadaye, enzi ya Ming, lakini ladha ya vyombo vya Kichina ilikuwa imeshaingia kitambo.

Kama ningekomea hapa ningekuwa nimekupa stori tamu ya urafiki, tuchukue picha tuende. Lakini kitabu hakikomei hapo. Kuna sura nyingine, kuhusu nchi anayoiita Kunlun Cengqi, na hiyo Cengqi ni Zanji tena. Anasema huko kuna watu weusi wenye nywele za kipilipili, na kwamba wanavutwa kwa chakula, wakisogea wanakamatwa, kisha wanauzwa kwa Waarabu kwa bei kubwa.

Wanavutwa kwa chakula. Soma tena polepole. Katika kitabu kimoja, kalamu moja, kuna menyu yetu na kuna chambo chetu. Watu wa pwani wenye viatu vyekundu wako kwenye meza wanakula kondoo, na watu wengine wa upande huo huo wa dunia wanatupiwa chakula kama kuku. Zhao Rugua haoneshi kushangaa. Anaandika bei ya mtu kama anavyoandika bei ya ambari, kwa sababu kazi yake ilikuwa ni kujua bidhaa zinatoka wapi.

Hapa ndipo ninapokosana na wazungumzaji wa sherehe. Wanapenda kusema kwamba biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwa ya amani na ya kuheshimiana mpaka Wareno walipofika na mizinga. Ni kweli kwamba Wareno walileta ukatili wa aina mpya, Mombasa iliteketezwa mwaka 1505 na hatujasahau. Lakini kusema kwamba kabla ya hapo hakukuwa na aliyeumia ni kuwafuta wale waliovutwa kwa chakula. Nao ni watu wetu kuliko hata wale wenye viatu vyekundu, kama tukihesabu vizuri. Mimi nilifundishwa shuleni kwamba utumwa ni stori ya karne ya 19, Zanzibar na Bagamoyo. Hakuna aliyenitajia 1225.

Jumba la makumbusho ya bahari la Quanzhou halina haya na mambo magumu, na ndiyo maana nalipenda. Lilianzishwa mwaka 1959. Tenga nusu siku. Kuna ukumbi wa mawe ya makaburi ya wageni: Kiarabu, Kiajemi, Kisiria, Kitamil. Kuna misalaba ya Wakristo wa mashariki iliyokaa juu ya ua la yungiyungi, na malaika wenye sura ya Kichina. Mengi yamevunjika kona, mengine yana alama za kukatwa ili yaenee mahali fulani. Ni kwa sababu mwaka 1357 askari wenye asili ya Uajemi waliokuwa mjini waliasi, vita vikaendelea hadi 1366, na mwisho wake wageni wakauawa kwa wingi. Misikiti ikabomolewa, makaburi yakafukuliwa, na mawe ya majina ya watu yakaenda kujenga ukuta wa mji.

Yakakaa humo karne kadhaa. Ukuta ulipoanza kubomolewa karne ya 20, mawe yakaanza kujitokeza, na mwalimu mmoja wa shule, Wu Wenliang, akaanza kuyakusanya. Alikuwa mwalimu wa bayolojia, si profesa wa historia. Aliyakusanya kwa miaka mingi, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1957, na mawe yake ndiyo msingi wa ukumbi huo. Bila yeye mengi yangekuwa vizingiti na mawe ya kufulia nguo.

Mchana wa siku ya pili nenda daraja la Luoyang, nje kidogo ya mji. Lilijengwa kati ya 1053 na 1059, chini ya gavana Cai Xiang, kwa mawe marefu ya matale, na lina zaidi ya mita 700. Ujanja wake uko chini: wajenzi walipanda chaza kwenye mawe ya msingi, chaza wakaota na kuyashikanisha kama saruji hai. Maji yakipwa utawaona, bado wako. Kisha nenda kijiji cha Xunpu, ambako kuta za nyumba za zamani zimejengwa kwa makombe ya chaza, na akina mama wanavaa taji la maua halisi nywele zikiwa zimezungushwa nyuma. Siku hizi wageni wanalipa kupambwa hivyo na kupigwa picha, tangu kijiji kilipovuma mitandaoni mwaka 2023. Waongozaji wanapenda kusimulia kwamba makombe hayo makubwa yaliletwa na meli kutoka Afrika, yakiwa uzito wa kusawazisha meli tupu. Mwongozaji akigundua unatoka Kenya, stori inakuwa ndefu maradufu na bei inapanda. Tabasamu, lakini usiiweke kwenye video yako kama ukweli. Ushahidi ni mwembamba, na mambo ya uhakika tunayo ya kutosha.

Hapo Xunpu kula chaza. Wanawakaanga na mayai, vitunguu majani na wanga wa viazi vitamu, inatoka kitu kama kimanda kinachonatanata, pembeni kimekauka na kulia mdomoni. Cha kushangaza ni huo wanga. Viazi vitamu ni mmea wa Amerika. Viliingia Fujian miaka ya 1590, vikiletwa na mfanyabiashara kutoka Ufilipino, kwa hiyo Ibn Battuta hakuwahi kuonja kitu kama hiki. Karanga pia ni za Amerika, na hapa wanazichemsha hadi zikayeyuka kuwa supu tamu. Ni kama sisi na mahindi. Mtu anakuambia ugali ni chakula cha mababu, na babu wa babu wa babu hakuujua.

Usiku, bata wa tangawizi. Anakaangwa polepole kwenye chungu na mafuta ya ufuta na tangawizi nyingi hadi nyama inaachia mfupa yenyewe. Tafuta mkahawa wenye vyungu vingi mlangoni na wazee ndani. Kuna pia jeli ya minyoo ya baharini, baridi, inaliwa na siki na haradali. Nililamba, nikamaliza kimoja kwa heshima ya taifa, nikaagiza chai. Chai ni Tieguanyin kutoka milima ya Anxi iliyo jirani, inamiminwa kwenye vikombe vidogo kama kizibo, na ukimaliza unaongezewa hadi uombe msamaha.

Siku ya mwisho nenda vilima vya Lingshan kwanza, kwenye makaburi mawili ya Waislamu wa kale. Pale ndipo kuna jiwe la mwaka 1417 linaloeleza kwamba Zheng He alipita kuomba dua kabla ya safari yake ya tano, ile iliyofika Mogadishu, Barawa na Malindi. Basi, huyo hapo mpendwa wetu, tumemkuta mwishoni kama ilivyopaswa.

Halafu chukua gari hadi Chendai, upande wa Jinjiang. Ni mji wa viwanda vya viatu vya michezo, pengine hata ulivyovaa sasa hivi vimetoka huko. Katikati yake kuna jumba la ukoo wa Ding, lililojengwa kwa umbo la herufi 回, mraba ndani ya mraba, herufi ile ile inayotumika kuandika Hui, Waislamu wa Uchina. Hawa ni wazao wa wale wafanyabiashara wageni, waliokimbilia hapa na kujifanya wadogo wakati kuwa mgeni kulikuwa hatari. Kizazi baada ya kizazi sala zikapotea. Leo wengi wao wanafukiza udi kwa mababu kama majirani zao, na nguruwe wanakula bila shida. Lakini wakiandaa chakula cha mababu, nguruwe hawekwi mezani. Mababu hawakuwa wakila, basi. Miaka mia sita na zaidi, lugha imekwenda, msikiti umekwenda, imebaki sheria moja ya jikoni.

Nenda huko asubuhi, kabla jua halijawa kali, halafu urudi mjini mapema. Yule bata wa tangawizi anahitaji muda.